Pole Zote Zipitie kwa Dereva

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nikiwa nyumbani Mazimbu, shemeji yangu Rajabu alinipigia kutoka Kinole. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha kilima na kufukia barabara, na dada yangu Mwajuma ameshikwa na uchungu. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa upasuaji. Ilikuwa lazima afike hospitali ya mjini.

"Tunambeba kwa machela," alisema. "Tutashukia darajani au kwenye mashine ya kusaga, kutegemea mto. Umeme hakuna, simu ina asilimia tisa."

"Usiongee tena. Mto ukipitika, nibip mara moja, nije darajani. Usipopitika, mara mbili, nije mashineni."

Nilikodi gari la dereva Hamisi, tukaondoka. Tukiwa Bigwa, Shangazi Tatu alinipigia kutoka Gairo.

"Mbona Rajabu simu yake inatumika tu? Nataka kumpa pole!"

Nilishtuka. Kwetu taabu ikisikika kila ndugu hupiga, na pole haiji bila salamu za nyumba nzima. Chaji ingeishia kwenye salamu.

"Shikamoo, shangazi. Waambie wote wasimpigie. Pole nipeni mimi."

"Marahaba. Nikinyamaza si watasema nina kiburi?"

"Nitaifikisha."

"Basi ipokee, ni ndefu."

Kufika Kiroka niligundua kosa langu. Pole zilifululiza kwangu, na bip ya Rajabu ingekuta simu inatumika. Hamisi alikubali kuzipokea yeye, nikawatumia ndugu namba yake.

Mkuyuni tuliegesha kusubiri. Hamisi, asiyemjua hata mmoja wao, alikuwa akiitikia: "Asante mama, tumeshapoa. Na huko mahindi yanaendeleaje?"

Simu yangu ililia, ikakatika. Nilishusha pumzi, nikangoja. Ikalia tena.

"Mashineni!" nilipaza sauti. "Washa gari!"

Tulitangulia kufika kidogo tu. Vijana wa kijiji walitokea migombani na machela, matope hadi magotini, Rajabu nyuma yao ameinua simu juu.

"Bado inawaka, shemeji!"

Tulirudi mjini bila kusimama popote. Adhuhuri Mwajuma alipata mtoto wa kike, wote wazima, nami nikamwambia Shangazi Tatu: "Sasa pigeni mpaka mchoke!"

Nilichojifunza ni hiki: dharura ikitokea, simu ya aliye hatarini iachwe wazi, na huruma ipokelewe na mtu mwingine. Bip hailipiwi. Rajabu alipoangalia salio, vocha iliyobaki baada ya kunipigia asubuhi ilikuwa kamili: shilingi mia mbili na kumi.