Zimwi Tulilolifungia Stoo

Juzi nikimsimulia binti yangu hadithi, alinikatisha: "Mama, zimwi linajuaje kwamba lenyewe ni baya?" Nilicheka hadi machozi, maana mimi na dada yangu tuliwahi kulikamata zimwi.

Bibi alitulea Ng'ambo, hapo Tabora mjini, na hadithi zake zilikuwa za alasiri, uani, tukibambua karanga. Zimwi lake lilikuwa refu, lenye pengo, linanuka moshi, limebeba gunia. "Na likitaka kukumeza," alituonya, "huongea kwa upole."

Sasa, jirani yetu alikuwa mrina asali. Mrefu, pengo mbele, moshi wa kufukuzia nyuki haumtoki hata Jumapili. Siku moja Bibi akiwa kwenye sala za jumuiya, mzee huyo akapiga hodi, gunia begani, ndiyo kwanza anatoka misitu ya Usinge.

"Shikamoo, babu," tukasema, tukirudi nyuma.

"Marahaba. Bibi yenu kaniambia asali yake niiweke stoo."

Akaingia. Dada akanitazama. Tukasukuma mlango, tukatia komeo, tukaegemeza na kinu.

"Wajukuu, mmenifungia."

Tukakisukuma kinu zaidi.

"Wajukuu zangu wazuri, mfungulieni babu."

"Umesikia?" dada akanong'ona. "*Wazuri!* Limeanza."

Masikini, kila alivyozidi kubembeleza ndivyo tulivyozidi kusadiki. Mwishowe tukasikia kitu kikivunjikavunjika menoni. "Linatafuna mifupa," nikasema, nikaanza kulia. Kumbe mzee kaona michembe ya Bibi, anajilia viazi vyake vikavu taratibu.

Bibi aliporudi tukamkimbilia. "Tumelikamata zimwi!"

"Ni mimi, mama," sauti ikatoka stoo, mdomo umejaa.

Bibi alifungua, akapiga magoti kuomba radhi. Kisha akatugeukia.

"Limefanya nini?"

"Linanuka moshi," nikajibu.

"Sijauliza linanuka nini. Limefanya nini?"

Dada akainamisha kichwa. "Limeleta asali."

"Na nyinyi?"

Mzee ndiye aliyetuokoa: "Waache, mama. Wamenifungia penye chakula."

Tangu siku hiyo mazimwi ya Bibi hayakuwa na sura. Tulitakiwa kuyatambua kwa matendo tu, na wakati mwingine karanga zilifika nusu debe bado tunabishana. Mara mbili zimwi lilikuwa binti mzuri wa mtemi. Tulikasirika sana.

Bibi hayupo tena, na mrina asali alitangulia mbele ya haki kabla yake. Uani pamejengwa vyumba vya kupanga, kila mlango na kufuli lake, na waliomo hawajuani hata majina. Wanaogopana tu, kwa sura, na hakuna mtu wa kurudi jioni kuwauliza: amefanya nini?