Kabichi Ndani ya Bafu, Wanajeshi Ndani ya Simu

Kabichi zilikuwa thelathini na mbili, kila moja imekatwa katikati, zote zimelazwa kwenye chumvi ndani ya bafu la jirani yangu. Nikisema bafu namaanisha lile beseni refu la kuogea, maana nyumbani kwake hapana chombo kingine cha kutosha kabichi nyingi hivyo. Kila mwaka Desemba ikiingia ananunua kabichi zake ndefu, anazitia chumvi leo, kesho anazipaka pilipili ili zichachuke ziliwe mwaka mzima, na siku hizo mbili anakuja kuoga kwangu.

Jirani huyu ni Mkorea. Tunaishi ghorofa ya nne hapa Thamesmead, ugenini kwa Waingereza, mlango wake unatazamana na wangu. Jina lake nalijua, la mumewe nalijua, la mwanawe pia, na hata la yule shemeji aliyekuja mara moja tu akalala siku mbili. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Hapa sitayaandika kwa sababu mwanawe bado ni mwanajeshi, na mambo ya jeshi hayana mchezo hata kama jeshi lenyewe liko mbali.

Tulijuana kwa ajili ya omena. Nilikuwa nazikaanga dirisha likiwa wazi, na jirani wa chini alikuwa ameshaniandikia barua mbili kuhusu harufu. Mlango ulipobishwa nikajua ndiyo barua ya tatu inaletwa kwa mkono. Nikafungua nimeshika mwiko. Yeye alikuwa ameshika bakuli, na ndani mna visamaki vikavu vidogo kabisa, ndugu wa omena, amevikaanga kwa sukari na ufuta. Hakulalamika. Alinusa, akacheka, akaingia. Kiingereza chake ni cha kazini kwake hospitali, changu ni cha sokoni, na tukikwama mjukuu wangu wa kike yupo. Mjukuu huyo yuko chuo kikuu. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu anajibu Kiingereza. Nitamwandika kwa Kiswahili ili tusichoshane.

Basi ilikuwa Jumanne, saa saba na nusu mchana. Sisi watatu tulikuwa tumepiga magoti kando ya bafu, tunazigeuza zile kabichi ili zilizo chini zije juu. Simu ya jirani ikalia. Alikuwa mumewe, kutoka Seoul. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amerudi kwao kumuuguza mama yake, na kijana wao akarudi naye, maana kule kila kijana wa kiume sharti alitumikie jeshi. Huku alikuwa amebaki jirani yangu peke yake.

Alisikiliza. Akasema neno moja kwa Kikorea, kisha akakaa kwenye ukingo wa bafu na glavu zake za chumvi. Mjukuu akatoa simu yake akatafuta.

"Rais wao ametangaza utawala wa kijeshi," akasema. "Kwenye televisheni. Sasa hivi."

"Wamevamiwa?"

"La, Nyanya. Anasema wabunge wanampinga."

"Wabunge wanampinga ndiyo alete jeshi?"

"Ndivyo."

Mimi niliinuka hapohapo nikaanza kutafuta ndoo. Nilikuwa Nairobi ule mwaka wanajeshi wa ndege walipotaka kuichukua serikali. Ilikuwa Jumapili asubuhi, redio ikasema, na mtu yeyote aliyetoka nje alitembea mikono juu. Nililala chini ya kitanda na watoto watatu, siku mbili tukinywa uji bila sukari, na maji yalipokwisha hapakuwa na wa kwenda kuyateka. Kwa hiyo mwili wangu unajua la kufanya kabla kichwa hakijaulizwa. Unajaza maji. Unatafuta unga, chumvi, kiberiti. Unafunga mlango, husogelei dirisha.

Nilijaza ndoo mbili, nikajaza sufuria zake zote, nikataka kujaza bafu nalo, nikakuta limejaa kabichi.

"Nyanya," mjukuu akasema, "maji hayatakatika Thamesmead kwa sababu ya Rais wa Korea."

"Wewe ulizaliwa maji yakiwa kwenye mfereji. Nyamaza." Kisha nikamgeukia jirani. "Mwambie mzee wako afunge mlango. Asitoke. Azime taa."

Alimwambia. Namkumbuka akimwambia, sauti ya haraka, akinionyesha kwa kidole kana kwamba mumewe ananiona, kama kusema hata Nyanya amesema. Halafu akaishusha simu.

"Anavaa viatu," akasema.

"Aende wapi?"

"Bungeni."

Ndipo akatueleza. Kambi ya kijana haikuwa mbali na jiji, na simu za askari hukusanywa usiku kabla ya kulala, kwa hiyo baba alikuwa amepiga na kupiga bila kujibiwa. Wanajeshi walikuwa wanapelekwa bungeni. Ikiwa kijana wao ni mmoja wa hao, baba alitaka kusimama pale langoni amwite kwa jina. Alisema mtoto akiitwa na baba yake mbele ya watu hawezi kuinua mkono ampige mtu.

"Na wakimpiga yeye baba?" nikauliza.

Jirani alivua glavu moja, akaiegemeza simu kwenye mfuko wa chumvi, akafungua picha zinazotoka kule moja kwa moja. Kwa muda wa saa mbili zilizofuata hatukutoka katika kile chumba cha kuogea. Jirani alikuwa kwenye ukingo wa bafu, mimi kwenye kiti cha choo kifuniko kimefungwa, mjukuu sakafuni. Kulikuwa na kiti cha starehe sebuleni, na hakuna aliyekikumbuka.

Nilitazamia kuona barabara tupu. Nilijua zinavyokuwa, barabara tupu na kiatu kimoja katikati. Nikaona watu. Wengine wamevaa makoti juu ya nguo za kulalia, wengine wanashuka kwenye teksi, wazee kwa vijana, na wote wanaelekea kule kule kwenye wanajeshi. Nikamuuliza mjukuu kama ameweka picha za siku nyingine.

"Ni za sasa, Nyanya."

"Wameambiwa wakae nyumbani?"

"Wameambiwa."

"Na wamekuja?"

"Si unawaona."

Tukaona bwana mmoja wa makamo, suti nzuri, tai, anaparamia ukuta. Mguu mmoja umekwama, mtu amemsukuma matako, ametumbukia ndani.

"Mwizi?" nikauliza.

"Mbunge," akasema mjukuu. "Polisi wamefunga lango, na bila wabunge kufika zaidi ya nusu hawawezi kupiga kura ya kuifuta ile amri."

"Mbunge anaruka ukuta kwenda kazini?"

Jirani, na hofu yake yote, akacheka. Nikamwambia wabunge niliowajua mimi hata ngazi hawapandi, wanangoja kubebwa. Tukawa kama watu wa mpira. Kila mmoja aliyeruka tukamhesabu. Alipokuja mnene mmoja akashindwa mara ya kwanza, tukamlaumu, akarudi nyuma, akajaribu tena, akavuka, nami nikajikuta nimesimama na kabichi mkononi.

Ndani wafanyakazi wa bunge walikuwa wanasukuma viti na makochi milangoni. Wanajeshi wakavunja dirisha wakaingia. Hapo jirani aliacha kucheka. Alisogeza uso karibu kabisa na simu. Wale askari walikuwa wamefunika nyuso, macho tu yanaonekana, na yeye alikuwa anawatazama mmoja mmoja, anatafuta mwendo, anatafuta mabega. Kila mmoja akimpita alitikisa kichwa. Si huyu. Si huyu. Nilimshika goti. Nilitaka kumwambia habari za kaka yangu, aliyekuwa askari mwaka ule wetu, nikaona si siku ya habari hizo.

Simu ikalia, picha zikapotea. Mume. Tulisikia kelele za umati nyuma yake. Jirani akasikiliza, akatutafsiria kwa vipande.

"Yuko langoni. Safu ya tatu. Baridi sana. Ameita jina."

"Enhe?"

"Wamegeuka wawili."

"Wawili?"

"Jina la watu wengi," akasema, nusu kicheko. "Wote si wake. Mmoja ameinama, amemwomba radhi."

"Amemwomba radhi kwa kuwa si mtoto wake?"

"Sijui, Nyanya. Ameinama tu."

Picha ziliporudi nilianza kuwasemesha wale askari mwenyewe, kwa Kiswahili. Niliwaambia wewe mwenye kofia iliyolegea, mama yako anakutazama. Rudi kwenu ule. Mjukuu akasema hawanisikii. Nikamwambia nani kakwambia. Na kwenye picha, mbele yetu, bibi mmoja wa umri wangu, kitambaa kichwani, alikuwa amemshika askari mkono wa koti anamwambia maneno yake, na sura yake ilionyesha ni yaleyale niliyokuwa nayasema mimi.

Saa kumi kasoro dakika chache mjukuu akasema wametimia. Wabunge wamepita nusu. Mfereji wa bafu ulikuwa unadondosha maji, nikaukaza. Mtu mmoja pale mbele akainua nyundo ya mbao, akagonga mara tatu.

"Imepita," mjukuu akasema, sauti imepanda. "Wote waliomo wamekubali. Hakuna aliyekataa hata mmoja. Amri imefutwa."

"Na wenye bunduki watakubali kufutiwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na swali, kwangu mimi niliyelala chini ya kitanda. Tukangoja. Kisha wale askari wakaanza kutoka, wakirudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa. Watu wakawafungulia njia. Mimi nilipiga kigelegele. Nilikipiga mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio, nami nikampigia kingine. Mjukuu alikuwa anaruka na soksi zimelowa maji ya chumvi. Jirani alitukumbatia sote kwa glavu yake moja, akatupaka chumvi mpaka kwenye nywele.

Halafu akaketi tena. "Lakini yuko wapi?" akasema.

Tukazigeuza kabichi, wakati wake ulikuwa umefika.

Tulipokuwa tukila chakula cha jioni Rais yule akatokea akasema ameiondoa amri. Mume alikuwa amerudi nyumbani, sauti imekauka kwa kuita, bila kumwona kijana. Nikamwambia jirani nilimpa shauri baya. Nilimwambia mumewe afunge mlango, na kama watu wote wa kule wangekuwa na jirani kama mimi, lango lile lingekosa wa kusimama mbele yake.

Akaniwekea samaki kwenye sahani. "Mimi pia nilimwambia abaki," akasema. "Yeye hasikii. Kwa mara ya kwanza nimefurahi hasikii."

Asubuhi ya Jumatano hakwenda kazini. Kabichi zilikuwa zimelegea, tukaziosha, tukaketi sakafuni jikoni na beseni la pilipili katikati, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anapaka jani kwa jani. Mara mbili nilimwona anapaka jani ambalo ameshalipaka.

Saa tatu na kitu simu ikalia juu ya meza. Kule ni jioni, askari wanarudishiwa simu zao. Alitazama mikono yake, akanitazama mimi. Yangu ilikuwa myekundu vilevile. Nikaibonyeza simu kwa kifundo cha kidole, nikamshikia sikioni, nikaubandika na uso wangu hapo pembeni, kwa hiyo niliisikia sauti mwenyewe. Sauti nene ya kivulana, imechoka. Namjua tangu ana miaka kumi na minne. Alikuwa akija kwangu kula chapati, akimaliza ananiambia asante kwa Kiswahili nilichomfundisha.

Jirani alimuuliza jambo moja kwanza, fupi. Nilijua ni lipi bila kufasiriwa. Akajibiwa. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani aliishika tangu jana mchana.

"Hakumpiga mtu," akaniambia. "Hakufika. Walipakiwa kwenye basi, basi likasimama njiani. Watu walilala mbele ya magurudumu. Walikaa humo mpaka alfajiri."

"Mungu mkubwa. Aliogopa?"

Akamuuliza. Kijana akaongea kwa kirefu, na nikaona uso wa mama yake unabadilika, mashavu yanajaa, mpaka kicheko kikamtoka puani.

"Anasema aliogopa mkojo. Basi zima lilikuwa limebanwa. Hakuna ruhusa ya kushuka, na nje watu wanagonga dirisha wanawaambia nendeni nyumbani, na wao walitaka choo tu."

"Muulize alipata pa kujisaidia?"

"Nyanya."

"Muulize. Ni mjukuu wangu pia."

Akamuuliza. Upande wa pili yule kijana naye akaanza kucheka, huko kwao Korea. Akanijibu mimi mwenyewe, moja kwa moja, kwa Kiswahili kile kidogo alichonacho.

"Asante, Nyanya," akasema. "Asante sana."

Nikamwambia mama yake hilo si jibu.