Kadi ya Idd Iliyokwenda Makuyuni

Kila Idd baada ya Ramadhani huwaandikia kadi wateja wa duka langu la mbegu na pembejeo, hapa Korogwe mjini. Nakata karatasi ya manila, naikunja, naandika kwa mkono wangu. Namshukuru mteja kwa kuniamini mwaka mzima, namtakia heri, na mwisho natia maneno niliyofunzwa na mwalimu wangu wa Kurani nikiwa msichana: kama kuna mahali tulikukosea, kwa kujua au kwa kutojua, tuwie radhi. Waislamu wa Sindeni wanapata, Wakristo wa Bungu wanapata. Nawapa makondakta, wanafikisha. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza lolote juu ya sentensi ile. Watu hujibu, "Na wewe pia," yakaisha.

Mwaka huu, siku ya pili ya Idd, alinipigia mwenyekiti wa kikundi cha wakulima cha Makuyuni. Ni katekista wa kanisa lao, mtu mpole, na kikundi chake hununua kwangu kila msimu.

"Shikamoo, mama. Idd njema."

"Marahaba, baba. Ahsante."

"Kadi tumeipata. Nimewasomea wanakikundi wote. Sasa wanauliza, umetukosea nini?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba ni desturi yetu, siku za Idd tunaombana radhi.

"Sawa, mama. Lakini sisi mtu akiungama hutaja. Nitasameheje nisichokijua? Jumamosi saa nne tuna kikao. Njoo ututajie, tukusamehe, tuendelee na kazi." Halafu akaongeza, "Kama ni ile mbegu ya vuli iliyokataa kuota, usijisumbue. Ile tumeshajua. Mweka ghala wetu, mama mmoja wa hapa, aliilaza karibu na jiko ikaungua. Tumemnyang'anya funguo."

Sikusikia kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililonitisha. Niliketi juu ya gunia la mbolea, simu bado mkononi.

Mbegu ile haikuungua. Mvua za kwanza za vuli zilipopiga, maji yaliingia stoo yangu kwa chini ya mlango na kulowesha mifuko ya mahindi iliyokuwa sakafuni. Niliianika juani siku mbili. Nilitia mkono ndani ya mfuko mmoja, nikaona pakavu, nikajiambia imepona. Sikuijaribu hata kwa kupanda punje kumi kwenye kopo, jambo ambalo huwahimiza wateja kila siku. Kesho yake Makuyuni wakaja kuchukua mbegu yao, nikawapa ile. Niliposikia mashamba yao yameota mapengo mapengo, nilisema labda ni ndege, labda ni jua. Sikuuliza zaidi. Kumbe muda wote huo kulikuwa na mwanamke anayebeba kosa langu.

Binti yangu mkubwa, anayesimama nami dukani, nilimweleza yote. Akaniambia, "Mama, mwenyekiti mwenyewe ameshakufungulia mlango. Waambie ni desturi tu. Ukisema mbegu ililowa, kesho Sindeni watajua, keshokutwa Bungu. Nani atanunua mbegu kwako?"

"Na yule mama?"

"Yule mama hakujui."

"Mungu ananijua."

"Mungu hanunui mbegu, mama," akasema, kisha akajishika mdomo. "Astaghafirullah."

Sikumkaripia. Nami nilikuwa nimeliwaza jambo lile lile kwa maneno ya heshima zaidi. Siku zile nne nilisali na kila nikisujudu nililikuta duka langu mbele yangu, rafu kwa rafu. Nilifundishwa utotoni kwamba haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya mja humngoja mja mwenyewe. Nimewafundisha wengine hivyo hivyo. Ni rahisi kulifundisha.

Jumamosi nilipanda pikipiki hadi Makuyuni. Kikao kilikuwa katika chumba kidogo kando ya kanisa. Nilipoingia na mtandio wangu, mzee mmoja akapaza sauti, "Katekista, leo umepata muumini mpya!" Wakacheka. Nami nikacheka. Mweka ghala nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikaa benchi la nyuma peke yake, na benchi lile lilikuwa la watu wanne. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa uji aliwapa wote, alipomfikia yeye akamwambia, "Wewe jipakulie, mpishi wa mbegu." Wakacheka tena. Nilikiweka kikombe changu chini.

Mwenyekiti akanikaribisha. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kuanza na salamu ndefu na shukrani, kama katika kadi. Nikaona nikianza hivyo sitafika.

"Mbegu niliyowauzia vuli ilikuwa imeloa stoo kwangu," nikasema. "Nilijua imeloa. Niliianika, sikuijaribu, nikawapa. Huyu mama hakuiunguza."

Yule mzee wa mzaha akauliza, "Ulijua?"

"Nilijua imeloa. Kwamba imekufa, sikutaka kujua."

Palizuka kelele. Mmoja akasema watu wa mjini ni hivyo hivyo. Mwingine akasema afadhali aliyesema. Nikawaambia kila mfuko nitawapa mwingine kabla wakati wa kupanda masika haujapita, na waujaribu mbele yangu. Mwenyekiti akainua mkono. "Jamani, kataja. Sasa tunasemaje?"

Hapo mweka ghala akasimama. Hakuniangalia mimi kwanza. Aliwaangalia wao, mmoja mmoja, na aliyegawa uji akainamisha uso. Ndipo akanigeukia.

"Kadi yako waliandikiwa wao," akasema. "Mimi niandikie ya kwangu. Na kosa lako uliandike humo."

Sikuwa na manila. Mwenyekiti akachana karatasi katika daftari la kikao. Niliandika, nikampa yule mama. Hajui kusoma. Akampelekea yule mgawa uji na kumwambia, "Soma. Kwa sauti." Akasoma mpaka mwisho, pamoja na ombi langu la radhi.

Mama yule akaichukua karatasi, akaifunga katika ncha ya kanga.

"Funguo wanirudishie leo," akasema. "Radhi nitakupa nikiwa tayari. Usinihimize."

Nikamwambia sitamhimiza. Kikundi kilinisamehe siku ile ile kwa kupiga makofi, na nikawashukuru kwa dhati. Yeye bado. Nilipopeleka mbegu mpya alizipokea mwenyewe, akatia mkono katika kila mfuko mpaka chini, bila haraka, nami nikasimama mlangoni pa ghala nikimngoja.