Zipora na Begi la Kwenda Ng'ambo

Zipora, mama yake Ngusa, amekuwa mgambo hapa kwetu Mhunze tangu hajaolewa. Wengi wanamjua kwa vitumbua vyake, maana askari wa akiba akiwa hajaitwa ni mtu kama wengine: analima, anauza, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Lakini kombati yake ipo sandukuni, imenyooshwa, na siku akiivaa hata mumewe Boaz humsalimia kwa adabu.

Mwaka huu jina lake likatoka. Walitakiwa askari wa akiba wachache kwenda nchi za baridi, ng'ambo ya bahari, wakafanye mazoezi na wenzao wa huko. Zipora, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Chato kwenye msiba wa shangazi, alipiga magoti palepale jikoni akamshukuru Mungu, vitumbua vikaungua.

Likabaki jambo moja. Afande Marwa, mkufunzi wao, Mkurya mwenye sauti ya kuamsha zizi zima, aliwatangazia kwamba siku ya mwisho ya maandalizi, uwanjani Shinyanga, kila mmoja atakimbia mizunguko mitatu akiwa na begi lake mgongoni, lilelile atakalosafiri nalo.

"Atakayeshusha begi, au akasaidiwa hata kwa kidole, anabaki! Nafasi yake anapewa mwingine. Tumeelewana?"

"Ndiyo, afande!"

Wakati huo begi la Zipora lilikuwa jepesi tu: nguo, sweta, Biblia na mafuta ya kujipaka. Shida ilianza Jumapili, mchungaji alipoitangaza safari kanisani.

Kwetu msafiri hupewa kitu cha njiani, na anachopewa hakikataliwi. Wa kwanza kuja alikuwa jirani yao, Bibi Mariana, na kifuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani.

"Mjukuu wangu, huko nasikia wanakula majani mabichi kama mbuzi. Ukizidiwa, chemsha hivi."

"Wabeja, bibi," Zipora akashukuru kwa mikono miwili.

Mageni, mwalimu wa kwaya, akaleta sare mbili.

"Mbili za nini, dada?"

"Moja yako. Nyingine utamvalisha mzungu yeyote mwenye sauti ya kwanza."

Mzee wa kanisa Enock akaleta mwiko. Si mwiko wa mchezo, ni ule wa kusongea ugali wa harusi. Begi lilipofungwa, mpini ukatokeza juu kama mlingoti wa redio. Ukaja mchele wa Kahama, zikaja karanga, wakaja dagaa. Mama mmoja alileta kinu, Mungu ambariki. Boaz akamweleza kwa upole kwamba kwenye ndege hakuna mahali pa kutwangia. Hadi leo mama huyo haitikii salamu ya Boaz.

"Mama Ngusa, punguza," Boaz alisema akijaribu kulinyanyua begi, likamshinda. "Nusu tuifiche uvunguni."

"Niwadanganye watu wa Mungu? Waje hapa kusalimia, michembe yao inawachungulia?"

"Basi kataa."

"Nikatae! Halafu siku tukifa, tuzikwe na kuku?"

Ikabidi Zipora ajizoeze. Kila alfajiri akalibeba begi mgongoni akakimbia nalo hadi barabara kuu, Boaz nyuma yake na kidumu cha maji, akibembeleza, "Taratibu, mke wangu! Taratibu, nakuomba!"

Sasa fikiria wewe ni jirani, umeamka kufungulia ng'ombe, unamwona mke wa mtu anakimbia na begi na mume anamfuata akimbembeleza. Kabla uji haujaiva, Mhunze nzima ilijua Zipora amemwacha Boaz. Mzee Enock akaja na koti lake la suluhu.

"Mama Ngusa, kama ni kipigo, sema usiogope."

"Si kipigo, mzee. Ni mazoezi."

"Ndivyo wanavyosema wote," mzee akajibu kwa huruma. Akaomba sala ndefu, akaacha mfuko mwingine wa karanga za kuwapatanisha. Nazo zikaingia begini.

Siku ikafika. Kwaya nzima ikapanda Fuso hadi Shinyanga kumsindikiza. Afande Marwa akalizunguka lile begi kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mama Ngusa, humu ndani umemfungia mumeo?"

"Hapana, afande. Mume wangu yule pale."

"Basi umefungia kijiji."

"Ndiyo, afande," Zipora akajibu, na hakuwa anatania.

Pembeni alisimama Juliana, mgambo wa Kahama anayesubiri nafasi ikiachwa, ananyoosha miguu.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza Zipora alikwenda vizuri. Wa pili, mwiko ukawa unamgonga kisogo kila hatua. Wa tatu alikuwa wa mwisho kabisa, anayumba, naye anasema moyoni, Bwana, usiniache hapa karibu na Juliana.

Kwaya ikamwona. Na mtu aliyelelewa kwetu hawezi kumtazama mwenzake amelemewa na mzigo, akakaa amekunja mikono. Unamkimbilia, unampokea, salamu itafuata. Masharti ya afande waliyasikia, lakini mikono yao haikuyasikia. Mageni ndiye aliyeivuka kwanza kamba ya pembeni ya uwanja.

"Zipora! Lete tukupokee!"

Zipora akageuka. Akaona kwaya yote, sauti ya kwanza mpaka ya nne, inamjia imenyoosha mikono. Kidole kimoja tu, na safari imekwisha. Akapata miguu asiyoijua.

"Msiniguse! Kwa jina la Yesu, msiniguse!"

"Usione haya, dada! Lete!"

Akawapita wanaume wawili waliomtangulia. Akawapita wengine. Mbele, Bibi Mariana alikuwa amekata katikati ya uwanja na fimbo yake ili amzuie. Zipora akamkwepa kama mchezaji wa mpira, huku anampita akasema, "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba!" bibi akaitika, akaendelea kumfukuza.

Zipora akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, akaanguka kifudifudi, begi juu yake.

Afande Marwa alikuja akiuma midomo asicheke.

"Halikushuka, halikuguswa. Umepita. Hao watu ni nani?"

"Ni kwaya, afande."

"Miaka yote hii nafundisha watu kukimbia," Marwa akasema, "kumbe nilikosa kwaya."

Mageni akauliza akihema, "Afande, sasa ruksa kumpokea?"

"Sasa mpokeeni."

Wakalivua begi mgongoni mwake, wakajitwika kwa zamu, wakaondoka nalo kuelekea kwenye Fuso wakiimba na kupiga vigelegele. Ilibidi Boaz awakimbilie kuwakumbusha kwamba msafiri mwenyewe wamemwacha amelala uwanjani.