Simu Aliyoivunja Baba

Baba yangu alichukua nyundo, akaivunja simu ya marehemu mama, kisha akaniletea vipande kwenye sufuria.

Sufuria yenye mfuniko. Akaiweka juu ya meza yangu ya kazi kama mtu aliyeniletea chakula cha mchana.

"Nimeivunja," akasema. "Iunge."

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hata mimi siku hiyo sikuelewa.

Kazi yangu ni kutengeneza simu za zamani, zile za mezani, za kuzungusha namba kwa kidole. Nyaya na kengele ni za bosi. Mimi ni wa plastiki: nyufa, mikwaruzo, pembe zilizomeguka, ganda lililokuwa jeupe likageuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Nimeisomea kabisa, chuoni. Rafiki zangu hadi leo wanauliza, "Kumbe kuna watu bado wana hizo simu?"

Wapo. Wenye hoteli, watu wa filamu, na wale ambao simu ilikuwa ya mtu wao.

Bosi tunamwita Gundi. Si kwa sababu ya kazi. Akianza kukupigia stori, hubanduki.

Mama alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Baada ya mazishi nilipanga chumba karibu na karakana, nikasema ni kwa ajili ya usafiri. Sikulia msibani. Sikulia baadaye. Naamka, naoga, nakwangua plastiki, narudi kulala. Baba akipiga, naliangalia jina lake mpaka linapotea.

Sikuwa nimemkasirikia. Sikuwa na kitu cha kumwambia, basi. Nilikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi: unajua upo, ila huusikii.

Nikafunua sufuria.

Ilikuwa ile simu ya rangi ya maziwa. Laini yake ilikatwa zamani, lakini mama aliifuta vumbi kila asubuhi, na ole wako uweke kikombe juu yake. Sasa ilikuwa vipande kama maganda ya yai.

Nilipaswa kusikia kitu moyoni. Nilisikia harufu ya vitunguu kwenye sufuria.

"Hasira hasara, mzee mwenzangu," Gundi akasema.

"Ndiyo," baba akajibu. "Inaungika?"

"Muulize msomi wetu."

"Inaungika," nikasema. "Ila itachukua muda."

"Sina haraka."

Akavuta kigoda, akakaa.

Plastiki hii ina tabia zake. Ukiiunga kwa gundi ya dukani, siku ikidondoka inapasuka palepale. Kwa hiyo natafuta simu iliyokufa kabisa, ya rangi ileile, nakata ganda lake vijipande, naviloweka kwenye asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Vinayeyuka vinakuwa uji mzito. Uji huo naupaka kwenye ufa kwa ndani, nafunga kwa utepe, naacha. Ukikauka, hivyo si vipande viwili tena.

Lakini uji ukikauka hunywea, na ukinywea unavuta. Ukiunga nyufa mbili kwa mpigo, ganda zima linapinda.

Kwa hiyo ufa mmoja kwa siku. Mteja alie, acheke, ufa mmoja kwa siku.

Basi baba akawa anakuja kila siku. Alikuwa kinyozi maisha yake yote, mikono yake haitetemeki. Anashikilia vipande vikae sawa, mimi napaka.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Gundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Nyie wawili mkipewa kipindi redioni, kituo kinafilisika."

Siku nyingine baba akasema paka wa jirani amezalia kabatini, juu ya nguo za mama, na yeye hana moyo wa kumtoa.

"Muache," nikasema.

"Nimemuacha."

Tangu mazishi hatukuwa tumezungumza marefu kuliko hayo.

Ganda likakamilika. Nikajaza nyufa kwa nje, nikapiga msasa wa maji, mkali kwanza, kisha laini, nikang'arisha kwa kitambaa. Ukiinamisha kwenye mwanga unaona mistari. Usipoinamisha, huioni.

"Sasa zamu ya bosi," nikasema. "Kengele, nyaya, kisahani cha namba. Tutatoa kwenye simu nyingine, maana vya kwetu vitakuwa vimesagika."

Baba akainama, akatoa mfuko. Ndani ya mfuko taulo. Ndani ya taulo kengele, kisahani, nyaya, hata skrubu, zimeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa. Hakuna chenye mkwaruzo.

Gundi akaitazama kengele. Akanitazama mimi. Akasema anaenda kununua maji, na chupa ya maji ilikuwa mkononi mwake.

Mtu mwenye hasira hafungui skrubu kwanza.

"Baba. Ulitoa vya ndani kabla ya kuvunja."

"Ningeviharibu."

"Kwa hiyo hukuwa na hasira."

Akaangalia mikono yake.

"Napiga, hupokei. Nikaja chumbani kwako, nikasikia upo, nikagonga kidogo nikaondoka. Nikajiuliza, huyu mtoto hafungi mlango gani? Nikaona ni wa kazini. Sasa kinyozi mzee ana shida gani na fundi simu?"

Nikaokota skrubu moja, nikaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Uliwahi kumweleza mama yako, mimi nasikiliza. Ufa mmoja kwa siku. Basi nikapiga nyundo mpaka nikaona nyufa zinatosha."

"Simu ya mama, baba."

"Angeniua," akasema. "Halafu angeniuliza kwa nini sikuipiga zaidi."

Najua mnasubiri niseme nililia. Sikulia. Nilijisikia nimechoka tu, uchovu wa miezi yote kwa mara moja, nikamwegemea begani. Akaniacha. Shati lake lilinuka asetoni kama langu.

Baadaye akachukua kofia yake.

"Kesho utakuja?" nikamuuliza.

"Kuleta nini tena? Nyumbani zimebaki sahani."

"Usivunje kitu. Nitakuja mimi."

Akatoka haraka haraka, kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, ndiyo maana naandika. Kuna watu hawajui kutamka "nimekukumbuka." Wanakuletea shati lisilo na kifungo, redio inayokoroma, tatizo walilolitengeneza wenyewe. Mtu wako akikuletea kazi isiyoeleweka, usikimbilie kuimaliza.