Vibrato ya Yaya Musonda

Mi ni Huguette, na nitasema bila kuficha: ile gitare nilikuwa naichukia. Lakini yaya yangu Musonda, kaka yangu mukubwa, alikuwa anaishi nayo. Mu Makomeno yote, mutaa yetu, balikuwa banamujua, mu baa, mu ndoa, gitare ya umeme mu mukono, na kile kikono cha chuma tunaita vibrato. Akikifinya, sauti inalia sawa muntu. Njo vile Jeanne, muchumba wake, alimupenda.

Jeanne alizaliwa hapa hapa, lakini baba yake alitoka Kasai. Mwaka ya quatre-vingt-douze, ni kusema 1992, Bakatanga bakaanza kufukuza bantu ya Kasai mu Katanga. Vijana baliingia mu nyumba yabo, bakatupa bintu yote inje, na gitare ya yaya pia, juu ya vile aliiacha mule. Jeanne na baba yake bakaenda kulala ku gare, kule train inasimama, inje, na maelfu ya bengine, kungojea train ya Kasai. Mama yee, tuliona bintu mu hii muji!

Yaya ni Mukatanga, hakuna mwenye alimufukuza. Lakini alimwambia Jeanne: "Mi na we, train moja." Kila siku alikuwa anaenda kumuona ku gare.

Sasa ile gitare, yaya aliiokota, ikaanza shida. Akifinya vibrato na kuiachilia, nyuzi zote zinatoka mu accord, sauti hazipatane tena. "Kule Kasai tutakula na nini?" aliniuliza. "Nani atataka mupiga gitare wa sauti mubaya?"

Asubui moja akabaki nyumbani kuitengeneza. Akabadilisha nyuzi. Bule. Akapakaa unga ya krayon, ile nyeusi ya penseli, pa shingo ya gitare, pale nyuzi zinapita, zisikwame. Bule. Akafungua mugongo ya gitare, akaangalia ba ressort, zile springi, moja moja: nzima. Nikamupigia kelele: "Yaya, wacha! Enda kwa Jeanne!"

"Haraka haraka haina baraka, Huguette. Ile train, tangu lini banasema inakuya?"

Baraka gani, na bantu banalala inje? Nilikasirika, nikatoka, nikaikala pa mulango.

Kumbe ni vis moja, skurubu, kati ya zile zinashika sahani ya vibrato. Ilipinda siku bale vijana balitupa gitare, njo ilikuwa inazuia sahani kurudia pa pahali pake. Akaitosha inje. Akafinya, accord ikabaki muzuri. Akafinya tena, palepale. Alicheka sawa mutoto, na mi, na hasira yangu yote, nikacheka naye. Tukabeba sakoshi yake ya safari, tukaenda ku gare.

Train ilikuwa imeondoka.

Mama mumoja, mwenye alikosa nafasi, akatuelezea. Jeanne alishuka mu train, akasema "Musonda iko njiani", baba yake akamuvuta ndani kwa nguvu. Alilia mpaka train ikapotea.

Yaya akasema atapanda train yenye itafwata. Tukaingojea. Mbele ya ile kufika, Mwansa, jirani yetu mwenye anatumika kazi mu train ya Jeanne, akarudia toka safari. Aliikala kwetu, hakugusa hata mayi ya kunywa tulimupa. Akasema tumbo ya kuharisha ilishika Jeanne njiani, mbele ya kufika muji ya Kamina. Balimuzika pembeni ya reli.

Yaya hakulia. Aliuliza tu: "Nani alikuwa anamushika mukono?"

Mwansa akajibu:

"Hakuna muntu, Musonda. Baba yake alitangulia kufa."