Kitana cha Mwalimu Wanjugu

Akina mama wa Kangemi waliijua Alhamisi kwa kazi ya kusugua. Asubuhi hiyo watoto walitolewa uani, wakapakwa sabuni shingoni na nyuma ya masikio, na aliyelia alinyamazishwa kwa swali moja: "Utamwambia nini Mwalimu Wanjugu?"

Wanjugu hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mke wa Jamleck, karani wa stoo mjini Nairobi, na watoto wao wote walikuwa wameshaoa na kuolewa. Misheni ilimfundisha usafi wa nyumbani kwa wiki sita, ikampa cheti, na tangu hapo akawa anaongoza kikundi cha akina mama katika ukumbi wa kanisa. Aliwafundisha kuchemsha maji, kufunika chakula, kuchimba choo mbali na kisima. Aliheshimiwa kwa haki. Mwaka ugonjwa wa kuhara ulipopita, hakuna mtoto wa kikundi chake aliyezikwa. Lakini alikuwa na ulimi mkali, tena aliupenda.

Kila Alhamisi alikagua vichwa. Alikuwa na kitana cheusi chenye meno ya karibu karibu, akikitumia kutenganisha nywele za kila mtoto, akitafuta chawa na vidonda. Akimaliza alikipangusa kwa aproni na kukirudisha mfukoni. Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, alichana nywele zake kwa kitana hicho hicho.

Mwezi wa nne mwaka 1959 alifika ukumbini mama mgeni, Namalwa, kutoka Bungoma. Mumewe, Were, alikuwa fundi wa mawe kwenye nyumba za Wazungu upande wa Lavington, nao walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na soko. Namalwa alimshika mkono bintiye wa miaka sita, Lornah. Kwa wiki kadhaa mtoto alikaguliwa bila neno. Halafu Alhamisi moja Wanjugu akamfungua kitambaa, akaona mabaka mawili ya mviringo, makavu, yenye magamba meupe, nywele zimekatika kama nyasi iliyolishwa na mbuzi.

"Akina mama, sogeeni mwone," akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Haya ndiyo mapunye. Haya huota kwenye nyumba isiyojuana na maji."

"Mwalimu, mimi namwosha kila siku," Namalwa akasema polepole.

"Aliyeoshwa haoti mapunye. Mpeleke nyumbani, na msirudi hapa mpaka kichwa hiki kiwe cha mtu."

Wengine walicheka. Nyakio, rafiki mkubwa wa Wanjugu, alimvuta mjukuu wake kando kana kwamba moto umeingia. Namalwa alimfunika mtoto kwa leso yake, akatoka bila kumtazama mtu. Wanjugu akaendelea na somo la kuhifadhi maziwa.

Haukupita mwezi, kichwa chake mwenyewe kikaanza kuwasha.

Mwanzoni alidhani ni joto la kilemba. Alikuwa mtu wa kufunga kilemba cheupe, kilichopigwa pasi, hata jikoni. Kisha siku moja alipokuwa akichana nywele, kisogoni zikatoka fungu zima. Alipapasa mahali pale. Palikuwa na magamba. Alichukua kioo cha Jamleck cha kunyolea, akakishika kisogoni mbele ya kioo cha ukutani, akajitazama kwa muda mrefu. Yeye, mwanamke wa hamsini na mbili, alikuwa na ugonjwa wa Lornah.

Hakumwambia mtu. Alianza na mafuta ya taa, kwa kuwa aliwahi kusikia yanaua kila kitu. Yalimwacha na harufu, na Jamleck akauliza kama taa inavuja. Baadaye akamtuma Jamleck amletee kutoka duka la dawa mjini kopo la mafuta ya Whitfield, yale ya choa, akisema ni ya mguu. Muuzaji alikuwa ameeleza vizuri, na Jamleck akafikisha maneno yote: apake kidogo tu, mara mbili kwa siku, asipake kwenye kidonda wala ngozi iliyochubuka, asifunike. Wanjugu alisikia. Lakini aibu haina subira. Alijikuna mpaka akachubuka, akapaka mafuta yale mazito kama mtu anayesiriba ukuta, akafunga kilemba juu yake kwa nguvu siku nne mfululizo. Dawa ile ina asidi, inamenya ngozi. Siku ya tano alipofungua kilemba, kitambaa kilikuwa kimeganda, na alipokivuta aliuma aproni yake asipige kelele.

Alhamisi mbili zikapita bila Mwalimu. Alituma habari kwamba mgongo unamsumbua. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa kikundi, na ulimkaa kifuani kama mfupa.

Siku moja, akitoka sokoni kwa njia ya nyuma, alimwona Lornah akiruka kamba na wenzake. Alikuwa kichwa wazi. Palipokuwa na mabaka palikuwa na nywele fupi, nyeusi, zenye afya. Wanjugu alisimama na kikapu chake hadi watoto wakaanza kumtazama.

Ilimchukua siku tatu kuipata miguu ya kwenda kwa Namalwa.

Namalwa alikuwa mlangoni akichambua mboga, tumbo lake la mimba likiwa limeshaonekana. Hakuinuka. Hakusema karibu.

"Mwalimu. Umekuja kukagua nyumba?"

"Hapana, Mama Lornah. Nimekuja kuuliza. Mtoto umemtibu na nini?"

"Unauliza kwa ajili ya nani?"

Wanjugu alikuwa ameandaa jibu: jirani, mgonjwa fulani, mtu wa kikundi. Halikutoka. Mkono wake ukapanda wenyewe kwenye kilemba. Namalwa akamkagua usoni, kisha kilemba, kisha akaweka kisu chini.

"Ingia ndani. Fungua nione."

Chumbani mle, kati ya kitanda na masanduku, Wanjugu alifungua kilemba chake mbele ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfukuza ukumbini. Namalwa alizunguka nyuma yake. Alipapasa kandokando ya kidonda mpaka Wanjugu akatamani apigwe tu, yaishe.

"Umejichoma," Namalwa akasema mwishowe. "Mtoto wangu hakufika hapa."

"Nisamehe, mama."

"Hilo tutaliongea siku nyingine. Nenda mjini, kliniki ya ngozi, umwulize Kisilu. Wana vidonge vipya vimetoka Uingereza mwaka huu huu. Vinamezwa, havipakwi. Lornah alipewa nusu nusu, kwa kipimo cha uzito wake. Na kama nyumbani kwako kuna mwenye mimba, asionje. Mimi nilikatazwa hata kabla sijauliza."

Siku hizo za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Mkikuyu kama yeye hakuingia mjini bila kibali. Wanjugu alipanga foleni kwenye ofisi ya chifu, na nyuma yake wakasimama wanawake wawili wa kikundi.

"Sababu ya safari?" karani akauliza.

"Hospitali."

"Ugonjwa gani?"

"Kichwa."

"Kinauma?"

"Ndiyo," akasema, na wale wanawake wakamwambia pole, Mwalimu, pole sana. Alitoka na karatasi mkononi, masikio yakiwaka.

Kisilu alikuwa Mkamba mwembamba, msaidizi wa daktari, mpole wa maneno. Alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakata nywele chache kwa mkasi, akamwomba amfuate kwenye kijichumba chenye madirisha yaliyozibwa kwa blanketi. Mle aliwasha taa ya ajabu, yenye mwanga hafifu wa zambarau. Akaziweka zile nywele chini yake. Zikang'aa kijani.

"Huo ndio ugonjwa wenyewe, mama. Ni aina ya ukungu, kama ule wa mkate uliolala. Mtu mzima kuupata si kawaida. Unashika vichwa vya watoto?"

"Nakagua vichwa vyao. Kila wiki."

"Kwa mkono?"

"Kwa kitana."

"Unacho hapo?"

Kilikuwa mfukoni, mahali pake pa siku zote. Kisilu alikiweka chini ya taa. Kati ya meno ya kitana, huku na huku, vipande vya nywele vilivyokatika viling'aa kijani kama macho ya wadudu.

Wanjugu hakuwa na haja ya kuelezwa. Aliwaona watoto mmoja mmoja kwa mpangilio wa Alhamisi: Lornah hakuja na mabaka kutoka Bungoma. Alikuja na kichwa kizima, akakalishwa kwenye benchi, akachanwa.

"Ni mimi," akasema gizani.

"Huwezi kujua aliyeanza," Kisilu akajibu. "Lakini kitana kimekuwa kikisambaza. Na maji hayahusiki, mama. Hata mtoto anayeoga mara mbili kwa siku huupata."

Walirudi kwenye mwanga. Kisilu alijishughulisha na fomu yake ili mama apate kujifuta uso.

"Samahani, ni lazima niulize. Una mimba?"

"Mimi? Nina wajukuu sita!"

"Namwuliza kila mama. Dawa bado mpya, hatuyajui yake yote, kwa hiyo mja mzito hatumpi. Umewahi kuugua ini? Manjano machoni? Unatumia dawa nyingine? Pombe?"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Watu wa kanisa pia nawauliza." Akamwonyesha kichupa cha vidonge vyeupe. "Hivi ni griseofulvin. Kimoja mara nne kwa siku, ukiwa umekula. Usimeze tumbo likiwa tupu, na ukipata maziwa yenye mafuta, ni vizuri zaidi. Kichwa kinaweza kukuuma siku za kwanza, au tumbo kuchafuka. Epuka jua kali. Ukitokwa na vipele mwilini, au macho yakawa ya manjano, acha hapo hapo na uje. Na jambo linalowashinda watu ni hili: mwasho utaisha upesi, nywele zitaota, utajiona mzima. Usiache. Utameza wiki sita, halafu tutatazama chini ya taa. Usimgawie mtu hata kimoja. Mtoto ana kipimo chake. Na yale mafuta ya Whitfield yaache. Ni dawa nzuri kwa choa cha mkononi. Hukukosea kuyanunua, ulikosea kuyatumia."

"Na hao watoto?"

"Waje. Wote uliowachana."

Usiku ule alimweleza Jamleck, akiwa amempa mgongo. Jamleck alisikiliza, akauliza tu, "Utawaambia?"

Vidonge vilimletea maumivu ya kichwa kwa siku tano, hivyo uongo wa ofisi ya chifu ukawa kweli. Alichemsha vilemba vyake na foronya, akachoma kitana jikoni. Wiki ya tatu mwasho ulikwisha kabisa. Ndipo wazo likamjia kwamba anaweza kupona kimya kimya, kilemba kikafunika yote, na watoto wakaja kujulikana baadaye, kwa njia nyingine. Alikaa na wazo hilo siku mbili nzima. Halafu ikawa Alhamisi.

Ukumbi ulijaa kumlaki. Alisimama mbele, akafungua kilemba.

"Mimi nina mapunye," akasema. "Niliyapata kwa kitana changu, na kwa kitana hicho niliwapa watoto wenu. Mama Lornah nilimtukana hapa hapa. Mtoto wake mimi ndiye niliyemwambukiza. Nilisema ni uchafu. Sikuwa najua, na sikuuliza."

Alikuwa amejiandaa kusema mengi zaidi, habari za kliniki na vidonge, lakini Nyakio alikuwa ameshaanza kumvua mjukuu wake kofia. Palikuwa na baka. Nyakio akalitazama, akamtazama Wanjugu, akambeba mtoto na kutoka. Urafiki wa miaka ishirini uliishia mlangoni pale, na haukufufuka.

Wiki zilizofuata Wanjugu alipita nyumba kwa nyumba na daftari la majina, kilemba akiwa amekiacha nyumbani ili wasimdhanie anaficha. Alimwomba Namalwa afuatane naye, kwa kuwa Namalwa aliijua dawa. Namalwa alikataa. "Hilo ni lako, Mwalimu," akasema, bila chuki. Milango mingine ilifungwa. Mzee mmoja alimwita mchawi wa vitana. Lakini watoto tisa walipelekwa mjini, na Wanjugu aliwasindikiza karibu wote, akibeba maziwa kwenye chupa wasije wakameza dawa bila kitu tumboni. Mjukuu wa Nyakio alipelekwa pia, na mama yake mzazi, kwa siku tofauti.

Mwisho wa wiki ya sita nywele zake hazikung'aa tena chini ya taa. Alipojaribu kumshukuru Kisilu, alishindwa kumtazama usoni. Kisogoni, pale alipojichoma mwenyewe, nywele hazikurudi, na Kisilu alimwambia ukweli kwamba hazitarudi.

Namalwa alijifungua mtoto wa kiume. Wanjugu alipeleka uji, ukapokewa, akaketishwa. Walizungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Lile la msamaha halikutajwa siku ile, wala baadaye, na mwaka uliofuata Were alipata kazi Eldoret wakahama.

Kikundi kilibaki na watu wachache kwa muda mrefu. Wanjugu aliendelea kukifundisha, lakini vichwa havikukaguliwa tena mbele ya watu. Alhamisi moja alikuja mke wa Mwololo, mwashi mgeni, na mtoto aliyefunikwa shuka kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Mama yule alikaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Wanjugu aliwaachia wenzake somo, akaenda kuketi kando yake.

"Twende nyuma ya ukumbi, mama," akamwambia kwa sauti ya chini. "Hakuna mtu huko."

Walipofika, kabla hajamgusa mtoto, aliinama akafungua kilemba chake, akamwonyesha mama yule kovu.